Mfumo Huria wa Kwanza kwa Kompyuta Kuukuu

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na kuenea katika kompyuta za ofisini na nyumbani karibu kila nchi, na uamuzi huo uliofanywa Marekani unagusa moja kwa moja saiba, ofisi za shule na maduka ya kupiga chapa na kutoa nakala katika miji ya soko kama Kabati, ulioko Kitui Magharibi kwenye barabara inayotoka Kibwezi katika kaunti ya Makueni, ikapita Kitui mjini na kuendelea hadi Migwani. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, na wengi hawakuona badiliko lolote. Kilichokoma ni kazi ya kuziba mianya ambayo wahalifu wa mtandaoni huitafuta kila siku ili wapate njia ya kuingilia, na ingawa Microsoft imewapa watumiaji wa nyumbani nafasi ya kujiandikisha ili waendelee kulindwa hadi Oktoba 2026, nafasi hiyo ni ya muda mfupi na haiondoi swali lenyewe, yaani kompyuta ambayo bado ni nzima ifanywe nini baada ya hapo.

Jibu la Microsoft ni kuhamia Windows 11, lakini mfumo huo unadai masharti ambayo mashine nyingi za vijijini haziwezi kuyatimiza. Unahitaji, miongoni mwa mengine, kichakataji cha kizazi cha hivi karibuni, ambacho kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane kilichotoka mwaka 2017, pamoja na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Sehemu kubwa ya kompyuta zinazonunuliwa na watu wa kipato cha kawaida nchini Kenya ni zile zilizokwisha kutumika Ulaya, ambazo wauzaji wa Nairobi huziita ex-UK: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad na Dell Latitude ambazo mwili wake ni imara, kibodi zake ni nzuri, na umri wake umepita mpaka huo uliowekwa. Kuzitupa mashine hizo wakati bado zinafanya kazi ni hasara isiyo na sababu, hasa katika kaunti ya Kitui, ambako mkulima wa ndengu hulazimika kungoja msimu mzima ili apate fedha za kununua kifaa kimoja.

Njia ya pili ni kubadilisha mfumo endeshi. Mfumo endeshi ni programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa na ya mwisho kulala inapozimwa. Ndiyo inayogawa kumbukumbu na muda wa kichakataji kwa programu nyingine, ndiyo inayozungumza na printa, skrini na kibodi, na ndiyo inayopanga mafaili kwenye diski. Windows ni mmoja tu wa mifumo hiyo. Mifumo huria ni ile ambayo msimbo chanzo wake, yaani maandishi yaliyoandikwa na watayarishaji wa programu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni inayoeleweka. Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983 kwa nia ya kuunda mfumo mzima wa namna hiyo, na mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, akaanza kuandika Linux, ambayo kwa maana yake halisi ni kiini cha mfumo: ile sehemu ya ndani kabisa inayotawala vifaa vyenyewe. Kiini hicho kikaunganishwa na programu za GNU na nyingine nyingi, na makundi mbalimbali duniani yakaanza kukusanya vipande hivyo na kuvifunga pamoja kuwa mfumo kamili ulio tayari kutumika. Kila mkusanyiko wa namna hiyo huitwa distro, na majina ambayo anayeanza atakutana nayo mapema, kama Debian, Ubuntu, Linux Mint na Fedora, yote ni majina ya distro.

Watu wa Kabati tayari wanaitumia Linux bila kuitaja jina. Kila simu ya Android inaendeshwa juu ya kiini cha Linux, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani zimekuwa zikitumia Linux. Katika sekta ya afya, takwimu ambazo vituo vya afya vya Kenya hutuma kwa serikali huingizwa katika DHIS2, programu huria iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kuenezwa nchini kote mwaka 2011, na rekodi za wagonjwa katika vituo vingi huhifadhiwa kwa KenyaEMR, ambayo imejengwa juu ya OpenMRS, mfumo huria ulioanza mwaka 2004 na kupata sehemu kubwa ya malezi yake katika mpango wa AMPATH mjini Eldoret. Kwa hiyo dhana kwamba programu huria ni mchezo wa vijana wapenda kompyuta haina msingi katika nchi ambayo hesabu za chanjo na za akina mama wajawazito hupitia humo.

Lipo jambo jingine ambalo huepukwa katika mazungumzo ya aina hii, na ambalo linapaswa kusemwa wazi. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu huwekwa nakala za Windows zisizo na leseni halali, zilizofunguliwa kwa programu ndogo za kuvunja kufuli, na fundi anayefanya hivyo huenda hana nia mbaya kwa mteja wake. Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na programu hizo za kuvunja kufuli ni mojawapo ya njia rahisi za kuingiza virusi, kwa sababu humtaka mtumiaji azime kinga yake mwenyewe kabla ya kuziendesha. Mfumo huria humwondolea fundi na mteja wake mzigo huo wote: nakala moja iliyo katika flashi inaweza kuwekwa katika kompyuta ya shule, ya kanisa, ya saiba na ya nyumbani, na kugawiwa kwa jirani, bila mtu yeyote kuvunja sheria. Kati ya mwaka 2005 na 2011 kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na ambayo ndiyo inayosimamia Ubuntu, ilikuwa ikituma CD za mfumo huo kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeziomba popote duniani; leo kazi hiyo hufanywa na flashi zinazopita mkono kwa mkono.

Anayeanza mara nyingi hupotea katika wingi wa distro, kwa kuwa zipo mamia na kila moja ina watetezi wake. Ukweli ni kwamba tofauti nyingi zinazozozaniwa hazimhusu mtu anayetaka kuandika barua, kusoma barua pepe, kutazama video na kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Yanayomhusu ni machache, na la kwanza kati yake ni umri wa mashine na ukubwa wa kumbukumbu yake, ile inayoitwa RAM, ambayo ni meza ya kazi ya kompyuta kwa kuwa kila kinachotumika kwa wakati huo huwekwa hapo. Kompyuta yenye gigabaiti 8 za RAM inaweza kubeba karibu distro yoyote, ikiwemo Ubuntu, ambayo toleo lake la 24.04 la Aprili 2024 linapendekezewa angalau gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 25 kwenye diski. Yenye gigabaiti 4 itafurahia zaidi Linux Mint katika umbo lake liitwalo Xfce, ambalo madirisha na menyu zake ni nyepesi. Yenye gigabaiti 2 inafaa kupewa Lubuntu au antiX, na mwenye nayo aelewe kwamba kitakachomchelewesha zaidi ni kivinjari cha intaneti, kwa sababu kurasa za siku hizi ni nzito kuliko mfumo endeshi wenyewe. Mashine za zamani sana zenye vichakataji vya biti 32 zimebakiwa na milango michache, kwani hata Debian, iliyozihudumia kwa miongo mingi, iliacha kutoa nyenzo za kuisakinisha kwenye mashine hizo ilipotoa toleo lake la 13 mnamo Agosti 2025. AntiX bado inazikubali. Na pale ambapo fedha kidogo zinapatikana, kubadilisha diski ya zamani inayozunguka na kuweka ile ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, inayoitwa SSD, huleta kasi kubwa kuliko uteuzi wowote wa distro.

La pili ni msaada. Distro ambayo fundi wa karibu, mwalimu wa kompyuta au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya huko Kitui ameishika mkononi ina thamani kuliko ile inayosifiwa na wataalamu wa mbali, kwa maana tatizo litakapotokea ndiye atakayeitwa. Pasipokuwa na mtu wa namna hiyo, kufuata njia iliyokanyagwa na wengi ni busara, na kwa sababu hiyo Linux Mint ndiyo inayostahili kutajwa kwanza kwa anayeanza: ilianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, imejengwa juu ya Ubuntu ili kila suluhisho lililoandikwa kwa ajili ya Ubuntu karibu lote lifae pia huku, na mpangilio wake wa menyu chini kushoto haumlazimishi mtu aliyezoea Windows kujifunza upya kutembea. Toleo lake la 22, lililotoka Julai 2024, litaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi mwaka 2029. Haya ni maoni, na wapo watakaoyapinga kwa hoja nzuri, ila mtu akikaa mwaka mzima akilinganisha distro kabla ya kugusa hata moja atakuwa amepoteza mwaka huo.

Kinachoitofautisha mifumo hii na mingine ni kwamba inaweza kujaribiwa bila kusakinishwa. Mtu hupakua faili moja kubwa, ambayo kwa Linux Mint ni takriban gigabaiti 3, kisha huiandika kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi kwa kutumia programu kama Rufus au balenaEtcher, akikumbuka kwamba kila kilichokuwamo kwenye flashi hiyo kitafutika. Kwa bando ya simu upakuaji huo ni ghali, kwa hiyo ni vyema ufanywe mara moja mahali penye Wi-Fi na faili ihifadhiwe kwa ajili ya wengine. Baada ya kupakua, inafaa kulinganisha alama ya faili, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu 64 unaotolewa na watayarishaji, na ule ambao kompyuta huukokotoa kutokana na faili iliyopakuliwa. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili imeharibika njiani au imechezewa, na haifai kutumiwa. Hatua hii huchukua dakika chache na wengi huiruka, nao ndio baadaye hulalamika kwamba Linux haisakiniki.

Kompyuta huzimwa, flashi huchomekwa, na mashine huwashwa huku kitufe cha kuchagua chanzo cha kuwashia kikibonyezwa, ambacho kwa Dell na ThinkPad huwa F12 na kwa HP huwa F9. Mfumo huamka na kufanya kazi kutoka kwenye flashi kwa msaada wa RAM, na diski yenye Windows na mafaili ya mwenyewe hubaki kama ilivyokuwa mradi mtumiaji asiifungue na kuibadilisha kwa mkono wake. Hapa ndipo pa kukaa kwa subira. Wi-Fi ishikwe na kurasa zifunguliwe, sauti ichezwe, printa ya ofisini iunganishwe na karatasi moja itolewe, kamera ijaribiwe, kipakatalishi kifungwe na kufunguliwa ili ionekane kama kinaamka usingizini. Mahali pasipo na Wi-Fi, simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB na kuwekwa kugawa intaneti hutambuliwa mara moja na mifumo hii, jambo ambalo huokoa watu wengi. Iwapo kitu fulani kimegoma, hasa kadi ya Wi-Fi ambayo huhitaji kiendeshi cha ziada, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuelewana na kifaa hicho, ni heri kijulikane sasa kuliko baada ya Windows kufutwa. Isihukumiwe kasi tu katika jaribio hili, maana flashi ni polepole kuliko diski, na pia kila faili iliyotengenezwa humo hupotea kompyuta inapozimwa.

Wakati wa kusakinisha ukifika, nakala ya mafaili yote muhimu iwe tayari imewekwa kwenye diski ya nje au flashi nyingine, na hakuna sababu inayotosha ya kuiacha kazi hiyo. Programu ya usakinishaji huuliza kama mtu anataka kufuta diski nzima au kuigawa ili mifumo miwili ikae pamoja na mtumiaji achague mmoja kila anapowasha. Kugawa diski kunamfaa yule ambaye bado ana kazi inayodai Windows, lakini kunahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kompyuta za miaka ya karibuni mara nyingi hufungiwa diski zake kwa BitLocker, kufuli la Microsoft linalogeuza yaliyomo kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, na kufuli hilo lisipofunguliwa kwanza usakinishaji hukwama au mafaili ya Windows huwa hatarini. Betri iwe imejaa au pawe na umeme wa akiba. Stima ikipotea katikati ya kugawa diski, hasara yake ni kubwa.

Kuhusu kazi za kila siku, sehemu kubwa ya huduma ambazo Mkenya huzifuata saiba, kama eCitizen, maombi ya mikopo ya HELB na uchaguzi wa vyuo kupitia KUCCPS, hufanyika ndani ya kivinjari, na Firefox au Chrome kwenye Linux huzifungua sawasawa na kwenye Windows. Kwa ritani za kodi, mfumo wa iTax wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, umekuwa ukitoa fomu za kupakua katika muundo wa ODS pamoja na ule wa Excel, na ODS ndio muundo wa asili wa LibreOffice, mkusanyiko huria wa programu za ofisi unaokuja pamoja na distro nyingi. Hata hivyo fomu hizo zina vijiprogramu vya ndani ambavyo hapana budi kuruhusiwa kwanza, kwa hiyo mwenye saiba azijaribu mapema badala ya kungoja usiku wa tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani. Hati za Word zenye mpangilio wa kawaida hufunguka vizuri katika LibreOffice, ila zile zenye majedwali mengi na picha zilizopangwa kwa ustadi huweza kusogea, na barua ya kuomba kazi ni salama zaidi ikitumwa kama PDF. Programu za Adobe za kuhariri picha na programu nyingi za uhasibu za kusakinishwa hazina toleo la Linux, na mwenye kazi hizo asidanganywe na mtu yeyote kwamba zipo. Vilevile mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani wa vitendo wa Somo la Kompyuta katika KCSE afanye mazoezi kwa programu zilezile zilizomo katika maabara ya shule yake, ambazo mara nyingi ni za Microsoft; mashine yenye mifumo miwili inamtosheleza.

Suala la lugha linahitaji kuelezwa bila kulipamba. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na katika kufanya hivyo watafsiri wake walilazimika kukusanya na kubuni istilahi nyingi za kompyuta. OpenOffice ndiyo iliyozaa LibreOffice mwaka 2010, na hadi leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili, ambayo katika distro zenye asili ya Debian hupatikana kwa jina la hunspell-sw na ambayo karani au mwalimu anayeandika Kiswahili anapaswa kuiweka siku ya kwanza. Hata hivyo tafsiri ya menyu zenyewe imebaki nyuma: anayechagua Kiswahili kuwa lugha ya mfumo wake atakuta maneno ya Kiswahili yamechanganyika na mengi ya Kiingereza, kwa kuwa programu hubadilika kila mwaka na watafsiri ni wachache. Kikamba nacho kimo katika CLDR, hazina ya kimataifa ya taarifa za lugha inayotumiwa na watengenezaji wa mifumo, pamoja na majina yake ya siku na miezi, lakini kutoka majina ya siku hadi menyu kamili ni safari ndefu. Tafsiri za LibreOffice hufanywa kupitia Weblate, mahali pa mtandaoni ambapo mtu aliyejiandikisha hupendekeza tafsiri ya sentensi mojamoja bila kuandika msimbo wowote, na kinachohitajika ni kuijua lugha vizuri na kuwa na subira, sifa ambazo mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili anazo tayari kuliko mhandisi wa kompyuta.